Nilinyamaza Kama Ulivyonifundisha

Shoga, nimetoka. Nimekaa kwenye ngazi za jengo la kampuni.

Wamekubali kutoa pesa zote za filamu. Zote. Ila muongozaji si mimi.

Muongozaji ni shemeji yake bosi, yule wa matangazo ya sabuni. Filamu ya baba yangu, shoga. Baba aliyefia kwenye moto wa kiwanda, aongozwe na mtu wa mapovu.

Nikakumbuka somo lako: wakisema jambo baya, nyamaza, watababaika wapandishe dau wenyewe. Basi nikanyamaza. Nikamkazia bosi macho kama tulivyofanya mazoezi jikoni kwako.

Unajua alisemaje? "Asante kwa kutuelewa, dada."

Asante kwa kutuelewa.

Mwanasheria wao akaandika. Bosi akaona mteremko, akaendelea: na mzee asife, wateja watatishika, atoke mzima amembeba mwenzake. Mimi bado kimya, nadhani sasa ndiyo wanaanza kubabaika. Kuja kufungua mdomo, wameshasimama wananipa mkono. Na mimi nikautoa wangu. Nikautoa mwenyewe, shoga.

Eti mimi sasa ni "mshauri wa familia".

Mama anapiga, sipokei. Najua atauliza kitu kimoja tu: ile sehemu ya baba kugonga mlango uliofungwa kwa nje, wameikubali?

Nimwambie nini?

Naona umeshasoma. Usininyamazie na wewe.