Mbavu za Mninga

Jumatatu, 3 Juni
Ubavu wa nne wa bawa umevunjika tena. Nimeubana kidogo tu. Balsa ni mbao gani hii? Laini kama mkate. Tangu mashine ya msumeno ininyofoe vidole viwili vya mkono wa kulia, sijui tena ninabana kiasi gani. Mzee Lameki, mwenye karakana, alishasema: nikiunga ndege hii ndogo ya rimoti, ya daktari mteja wetu, na ikaruka, narudi benchi langu. Isiporuka, nitapiga msasa viti vya wenzangu mpaka nizeeke. Miaka kumi na tisa ya ufundi. Msasa!

Jumatano, 5 Juni
Nimevunja mbili zaidi. Nimelia. Nilifunga mlango mke wangu asisikie. Amesikia.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana. Mbavu zote zilizovunjika nimezichonga upya kwa mninga. Mninga naujua. Kitanda cha mninga kinamzika mwenye nacho. Nikaongeza na kiunoni mwa ndege, na skrubu nne. Mama Neema kainyanyua, akaishusha upesi. "Baba Neema, hiki ni kindege au kabati?" Nikamfokea.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Barabara ya vumbi huko Mutuka. Daktari na rimoti, Mzee Lameki mikono nyuma. Feni ya ndani inayoisukuma ikalia, ndege ikakimbia, ikakimbia, ikaishia majanini. Haikuinuka hata kidogo; mninga umeizidi uzito. Sikio la kufa halisikii dawa. Niliogopa kuvunja tena, basi, hiyo ndiyo sababu. Mzee kasema tutarudi Jumamosi ijayo, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nimebandua mninga wote. Daktari ameleta balsa iliyobaki, vibao viwili. Nikiharibu, hakuna vingine.

Jumanne, 11 Juni
Nashikilia kwa kushoto, kama mtoto anayejifunza kuandika. Gundi naipaka kwa kijiti. Ubavu mmoja asubuhi, mmoja jioni. Ee Mungu, nitakuwa nani nisipokuwa fundi?

Ijumaa, 14 Juni
Mbavu zimetimia. Sina raha hata chembe.

Jumamosi, 15 Juni
Imeruka! Ikapita juu ya alizeti, ikazunguka mara mbili, nikapiga kelele kama kichaa. Kisha upepo ukaikumba, ikajipigiza kwenye mabua ya mahindi. Daktari akasema pole fundi, amekosea yeye kwenye rimoti. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimepiga magoti naokota. Mzee Lameki naye akachuchumaa, akageuza kipande kimoja kimoja. Mbao zimekatika katikati. Hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia. Tumerudi Babati.

Jumatatu, 17 Juni
Nimempa Mzee shikamoo. Marahaba, bila kuinua macho. Benchi langu limefagiliwa, juu yake kuna mbao za mlango wa mtu wa Nakwa. Mkono unauma. Nimeunga kona mbili kabla ya chai.