Raba ya jakuzi

Alhamisi

Eti wageni wanafuata jakuzi, lile beseni la maji moto yanayobubujika. Kwa hivyo isipofanya kazi kufikia kesho, mwenye gesti anafunga chumba chenye jakuzi, nami ninayekisafisha nikapumzike nyumbani. Roho safi kweli.

Pampu yake inavuja kwa sababu pete ya raba imekatika, na kampuni iliyoiunda ilishafungwa. Fundi Otieno amezunguka soko la Gikomba siku tatu, akarudi na raba ya sufuria ya presha.

"Mama Neema, hii ni saizi yake kabisa!"

Ndiyo, kama wageni wanakuja kuchemshwa pamoja na maharagwe.

"Basi tafuta gambuti kuukuu, kiatu chochote cha mpira, nikate mwenyewe," akasema Otieno.

Niliyokuwa nayo ni ile nyekundu ya Neema, aliyojifunzia kutembea kwenye matope. Nilikuwa nimemwekea mdogo wake atakayezaliwa, ambaye hata baba yake bado namtafuta. Otieno akakata pete humo, akaifunga, na pampu haikutoa hata tone.

Mwenye gesti akachungulia. "Si nilisema ni kitu kidogo?"

Neema ameuliza kiatu kimoja kiko wapi. Nimemwambia kimeandikwa kazi, kama mama.

"Kitarudi jioni?"

"Mama amerudi. Lala."