Baba Ndiye Anapanda

Ruiru, 17 Februari 2025

Kwa Tata, shangazi yangu mpendwa,

Habari za huko Mang'u? Natumaini magoti yameacha kukusumbua na kwamba mwanao Mburu ametengeneza lile tangi la maji. Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ni ya kikundi kizima cha wakulima, na ujumbe wangu ungesomwa na akina mama wote kabla haujakufikia.

Tata, makadamia mliyotuletea juzi nimeyapima mwenyewe hapa maabara. Ukishayabandua na kuyatia majini, yaliyokomaa huelea. Haya yalizama karibu yote. Mafuta yake ni haba na yanachacha upesi. Na unajua kilichoandikwa kwenye chupa zetu: mafuta ya kokwa zilizoanguka zenyewe. Hata yale maganda tunayosaga kwa ajili ya kusugulia uso, badala ya zile chembe za plastiki, watu wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Bosi wetu, Vimla, ametia saini mkataba na wanunuzi wa ng'ambo kwa maneno hayo, na mimi ndiye niliyemwambia kikundi chenu kinaaminika.

Kuna mtu anatikisa miti? Niambie kabla mkaguzi hajafika. Mkipoteza soko hili mtarudi kwa broka, na bei yake unaijua.

Mtoto wako,
Kui

*

Mang'u, 21 Februari 2025

Kwa mama yangu Kui,

Sisi hatujambo, magoti ni yale yale. Tangi bado linavuja. Baba anasema atalitengeneza kesho, na hiyo kesho yake nimeizoea tangu Krismasi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta salamu za mtoto, nikapata maswali ya askari. Hakuna anayetikisa. Jua limekuwa kali na kokwa zinaanguka zikiwa changa. Huyo mkaguzi aje, atakunywa chai, atazunguka shamba apendavyo. Nimekuwa mwenyekiti wa kikundi hiki tangu ukiwa sekondari na sijawahi kuitwa mwongo.

Kula vizuri. Jirani yetu Waceke, aliyekuona kwenye steji ya matatu Ruiru, anasema umekonda.

Tata yako,
Idah

*

Ruiru, 6 Machi 2025

Tata mpendwa,

Shikamoo. Sijui hata nianze wapi, kwa hiyo nisamehe nikifupisha salamu.

Ripoti ya mkaguzi imefika. Ameandika kwamba kwenye shamba la mwenyekiti kuna mzee mkongwe, baba mzazi wa mwenyekiti, anayepandishwa miti. Anasema alikuuliza ni nani anayefanya kazi ya miti, nawe ukamjibu, "Baba ndiye anapanda." Yule dada mkaguzi ni mtu wa Mombasa. Angejuaje kwamba Mburu amebeba jina la guka, yaani baba yako mzazi, na ndiyo maana unamwita mwanao baba, kama unavyoniita mimi mama kwa jina la cucu, mama yako?

Nilicheka, Tata. Halafu nikalia chooni. Vimla amesimamisha ununuzi wote kutoka kwenu hadi kikao cha Alhamisi ijayo. Nikimweleza kwamba huyo mzee mkongwe ni kijana wa miaka thelathini mwenye nguvu zake, ataniuliza huyo kijana anafuata nini juu ya mti, kama kweli kokwa zinaanguka zenyewe.

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Nijibu ukweli, naogopa.

Mtoto wako,
Kui

*

Mang'u, 8 Machi 2025

Kwa mama yangu,

Nakusalimu, na nakuomba ukae chini usome.

Ndiyo, tunatikisa. Mama Gachau alingoja kokwa zianguke kama mlivyotufundisha, akaamka akakuta miti yake imekamuliwa yote. Hata matawi waliyavunja. Sasa kila mtu anawawahi wezi, na anayepanda miti ya sisi wajane ni baba. Mlipoandika maneno yenu kwenye chupa, hamkutuuliza kama tunalala usingizi.

Lakini nimelifikiria jambo hili na dawa iko. Mwambie Vimla mkaguzi alisikia vibaya, kwamba nilisema baba ndiye aliyepanda. Guka wako ndiye aliyeipanda miti hii, mche kwa mche, na kaburi lake liko pale pale. Neno ni moja, kupanda na kupanda. Hutakuwa umedanganya mtu. Wataona haya kwa kumsingizia marehemu, na mambo yataisha.

Akina mama wote wanakutazama wewe.

Tata yako,
Idah

*

Ruiru, 10 Machi 2025

Tata mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kilonzo, dereva wetu, amekubali kupita kwako leo leo akiipeleka.

Siwezi kulisema hilo. Kokwa zenu niliziona zikizama, Tata. Nikimtazama Vimla na kumwambia mambo ya guka, sitaweza tena kupima chochote katika maabara hii na kukiamini.

Njoo wewe. Mwambie habari za wezi kwa kinywa chako, kama ulivyoniambia mimi. Nitaketi upande wako, niombe maneno ya kwenye chupa yabadilishwe na kampuni ichangie walinzi wa mashamba. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Nitakungoja hadi hapo. Usipokuja, nitasema mwenyewe.

Simu yako inaita tu. Nitumie hata neno moja.

Mtoto wako,
Kui

*

Mang'u, 16 Machi 2025

Kui,

Sina nguvu za salamu leo.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na akina mama kanisani. Siku ya kwanza walikataa. Mama Gachau aliniita msaliti mbele ya watu, na mwanangu aliogopa atafungwa. Nilibembeleza hadi Jumatano jioni, ndipo wakakubali tuje tuseme.

Alhamisi tulifika kabla ya saa nne, mimi na mwanangu, amevaa ile suti ya harusi yake. Nilimwambia Vimla, "Huyu ndiye baba. Anatikisa miti, na mimi ndiye ninayemtuma." Akanijibu kwa upole kabisa, "Najua, mama. Kui alinieleza Jumanne."

Alikuwa ameshawaandikia watu wa ng'ambo, na wao wameshatutoa kwenye orodha ya wauzaji wao. Alisema angeyasikia kutoka kwetu kwanza, angekuwa na la kutuombea. Sasa sisi ni watu waliokamatwa. Wewe ulikuwa maabara. Nilikuona kupitia kioo, nikangoja utoke, hukutoka.

Broka ameleta lori. Anachukua hata zile za kijani kibichi na haulizi ziliangukaje. Baba yuko juu ya mti sasa hivi ninapoandika.

Ukweli ule sikukataa kuusema, nilikuja nao hadi mlangoni kwenu. Ulinipa hadi Alhamisi, mwanangu. Ulingoja hadi Jumanne.

Tata yako,
Idah