Pacha wa Simbo na Mikono ya Mama

Kigoma, Jumapili

Mdogo wangu Zaina,

Hamjambo huko Newala? Mama anaamkaje siku hizi? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haikatiki, na treni iliyoleta barua yako ilichelewa sana njiani. Unaniuliza kama baridi yabisi ya mama itatufuata na sisi, maana watu wa mchumba wako wameanza kudadisi. Jibu kamili sina, lakini nimeona jambo ambalo halinitoki kichwani.

Mwezi uliopita mimi na daktari wa hospitali yetu tulikwenda Simbo, kijiji cha ujamaa karibu na mji. Akaletwa mwanamke aitwaye Bukuru, vidole vimevimba na kupinda upande, vilevile kama vya mama. Nilishtuka. Huyu ni Muha, na sisi Wamakonde hatuna undugu naye hata wa mbali. Imekuwaje mikono ikawa ile ile?

Aliyemleta ni Butoyi, pacha wake. Wamefanana mpaka mwanya wa meno. Mikono tu ndiyo inayowatofautisha, maana ya Butoyi imenyooka na ina sugu za jembe.

Kumbe kufanana huko ndiko kulikomponza Bukuru. Asubuhi alikuwa haendi shamba la kijiji, akisema viungo vimekaza, na katibu wa kijiji akamwita kupe mbele ya mkutano. Watu wakamuuliza, mbona mwenzako wa tumbo moja analima? Butoyi alikuwepo na hakumtetea. Tangu hapo hawakusemezana, hadi Butoyi alipomkuta dada yake anashindwa kujifunga kanga.

Daktari alimwita katibu naye asikilize. Akasema ugonjwa huu una mbegu ndani ya damu, na mtu huirithi kwa wazazi. Wazungu wenye ugonjwa wameanza kuonekana na alama fulani katika damu, lakini kwa watu wengine alama si hizo hizo, na yeye anahisi zipo pia zinazomkinga mtu. Za kwetu bado hazijachunguzwa. Pacha hawa huenda wana mbegu moja, lakini mbegu peke yake haitoshi, kuna kitu kingine kinachoiamsha. Nikamuuliza ni kitu gani. Akakiri hajui. Mimi nimeona Bukuru anavuta kiko na Butoyi havuti, nikajiuliza kama ndicho, au ni bahati tu.

 Kisha Butoyi akauliza, "Kwa hiyo na mimi ninayo?"

"Huenda unayo," daktari akamjibu, "na huenda isiamke mpaka unazeeka."

Akaitazama mikono yake, akamgeukia Bukuru. "Nilidhani unajifanya," akasema. "Nisamehe, dada."

Walipoondoka, Bukuru alimwegemea begani. Katibu hakuomba radhi, lakini nasikia sasa Bukuru analea watoto wa wanaokwenda shamba, na hakuna anayemwita kupe.

Basi, Zaina, wasifichwe hao watu. Waambie mama ni mgonjwa, na kwamba mtoto wa mgonjwa si mgonjwa. Hata mimi vidole vyangu navikagua kila niamkapo, na mpaka sasa viko sawa. Nifanyie jambo moja: muulize mama mikono ya bibi mzaa mama ilikuwaje uzeeni, na ya dada zake. Daktari anataka kujua, na mimi nataka kujua kumshinda.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi aliyenisukia mkeka. Mwambie naulalia. Shemeji mtarajiwa mpe salamu zangu kama bado anakuja. Na mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, taratibu, na usimshike mapema. Ngoja jua lipande kwanza, vidole vyake vilegee.

Dada yako akupendaye,
Hadija