Sinia Analolikataa Mama

Mwabungo

Kwako Mama Mdogo Warda,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, na tetea wako mweupe ameatamia. Haya ninayaandika kwa sababu uso kwa uso ningeyameza.

Majani yako ya chai ya kupunguza tumbo yamefika. Tafadhali usilete tena! Mama huyanywa, hushinda na njaa mchana kutwa, halafu jioni hujifungia jikoni akala sufuria nzima huku analia. Nimemwona. Mjomba Swabir naye amemkataza wali, jirani kamletea ndimu na tangawizi. Kila mtu daktari!

Daktari mwenyewe, kule Msambweni, alichanganya Kiingereza, nikamfasiria Mama mimi. Alisema huo ni ugonjwa, si ulafi. Dawa za kupunguza uzito zipo, lakini kwanza atibiwe huko kula kwa kujificha: azungumze na mshauri kila wiki, na ale kwa wakati, pamoja na watu.

Pamoja na watu, Mama Mdogo! Tangu Idi ile uliposema mbele ya sinia, "Dada, huo mkono au beleshi?" tukacheka sote, hata mimi, hajala nasi tena.

Kwa mshauri ameanza kwenda. Sinia ndilo analolikataa. Jana aliniambia, "Warda akija Ijumaa, nyinyi kuleni. Mimi nitakula baadaye."

Basi ukija, mwamkie dadako, unawe, ukae ubavuni pake. Ule, wala usimtazame mkono.

Mwanao akupendaye, ingawa leo amekasirika,
Twaiba