Nyanya za Nyuma ya Jiko

Dada yangu Konsolata,

Nakuandikia kutoka Bugendana, nimekalia kreti tupu kando ya shamba. Nyanya zimeiva na sizichumi. Nitakueleza kwa nini, ingawa nilipaswa kukueleza ulipokuwa ungali hai.

Unakumbuka kambi ya wakimbizi kule Tanzania, baada ya mama kufa? Ulikuwa msichana mdogo tu, lakini kijiko cha kwanza cha kila chakula ulikionja wewe, uone kama kinafaa, ndipo unipe. Tuliporudi Burundi mimi nikashika jembe huku Bugendana, mkoani Gitega, wewe ukaolewa Muyinga, ukafungua meza ya nyanya sokoni. Tabia yako ukaenda nayo. Mteja akisitasita, unachukua nyanya, unaifuta kwenye kitenge, unaing'ata mbele yake. "Auzaye asichokula ni mwizi," ulikuwa unasema, na watu wanacheka, wananunua.

Ole wangu, dada. Zile nyanya zilikuwa zangu.

Wewe mwenyewe uliniambia kuwa wateja wa Muyinga wanapenda zenye ule unga mweupe wa dawa, eti haziozi upesi. Basi nikazidisha. Nilichanganya dawa ya ukungu na ya wadudu katika pampu moja, napiga jioni, na asubuhi gari la Muyinga likifika nachuma. Ningeweza kusingizia maandishi ya chupa, kwamba ni ya Kifaransa na mimi kule kambini nilisoma kwa Kiswahili. Nisikudanganye. Aliyeniuzia aliniambia kwa mdomo wake nisubiri wiki mbili. Ndiyo maana nyuma ya jiko nilikuwa na mistari mitatu ambayo pampu haikuigusa kabisa, na watoto wangu walikula hizo tu. Wakulima wengi wa nyanya huku wana mistari kama hiyo, wala hatuizungumzii.

Kwako sikutuma hata kikapu kimoja cha nyuma ya jiko. Zilikuwa ndogo, zina madoa, niliona haya kumletea dada yangu vitu vibaya.

Kisha ukaanza kuumwa kichwa, mate yanajaa kinywani, mikono inatetemeka hata kufunga kitenge ukawa huwezi. Majirani walisema malaria, wengine wakasema umerogwa. Nilikuja kukuuguza na mfuko wa nyanya mkononi, kwa mazoea tu. Ukala moja kitandani, ukaniambia mkono wangu una baraka. Daktari hakutaja nyanya. Alikuuliza tu kama unashika dawa za shamba, ukamjibu hapana, wewe ni muuzaji. Nilikuwa nimesimama palepale na nikanyamaza. Sijui kama kusema kungekuokoa, na sitajua kamwe.

Sasa meza yako anayo binti yako Goreti. Wiki iliyopita alikuja kuangalia mzigo. Akapita nyuma ya jiko, akauliza, "Mjomba, hizi mbona hazina unga?" Nikamwambia ni za nyumbani. Alirudi kwenye makreti, akachagua nyanya moja, akaifuta kwenye kitenge vilevile kama wewe, akaninyooshea.

"Kula, Mjomba."

Niliishika. Watoto wangu walikuwa wanatazama, mke wangu pia. Nilitaka kuila, hata kwa kiburi tu, lakini kinywa kilikataa. Goreti aliiangalia ile nyanya mkononi mwangu, kisha akachukua mkoba wake, akashuka kwenda barabarani bila mzigo.

Jana nilimpigia simu. Nilimwambia yote haya, hata swali la daktari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akaniuliza jambo moja tu, kama mama yake alijua. Nikamwambia hapana. Akakata simu.

Mke wangu anauliza tutaishi kwa kitu gani msimu huu. Pampu nimeizika, jambo la kijinga, maana jirani zangu wanazo zao na kesho gari litapakia kama kawaida. Nitakwenda Muyinga kwa Goreti. Akinifukuza, atakuwa na haki yake.

Nakulilia, dada. Pumzika huko uliko.

Ni mimi,
mdogo wako uliyekuwa ukimwonjea chakula.