Kusoma Bila Sauti

Jumatano, Julai 1956

Sasa hata kusoma kwa sauti kumepigwa marufuku!

Bwana wa maktaba ya chuo kikuu cha Uganda, yule aliyekuja na masanduku ya vitabu, leo alitukusanya ukumbini hapa Kariakoo kutufundisha namna ya kutumia maktaba. Mikono isiwe na mafuta. Ukurasa usikunjwe. Na kila mtu asome kimya, kwa macho tu.

Jirani yangu Rashidi, mshona kanzu, hakuweza. Kusoma alifundishwa madrasa, kwa sauti, huku mwili ukiyumba. Akakanywa mara ya kwanza, akakanywa tena.

"Samahani bwana," akasema, "mimi nisiposikia sauti yangu, sijui kama nimesoma."

Watu wakacheka. Akafunga kitabu, akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akinisomea mimi.

Macho yangu yameishia karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, kwenye moto wa kuchomelea vyuma. Nikilisema hilo, kazi sina. Basi nikabaki pale na kitabu mbele yangu, ukurasa mweupe kama tui, nikigeuza kila wenzangu walipogeuza.

Mwisho yule bwana akanishika bega, akawaambia, "Mwigeni huyu. Hivi ndivyo mtu anavyosoma maktabani."

Nikasema asante.

Haya nayaandika kwa mazoea ya mkono tu. Kuyasoma, sitayasoma.